Maître na Bisibisi Yake

Mtu akianza kumsifu Maître mbele yangu kwa haki yake, mimi huchukua mkoba wangu nikaondoka. Sitaki ugomvi kwenye kikao cha watu, lakini pia siwezi kukaa pale nikitikisa kichwa kama wengine. Haki ya Maître naijua. Iliniumiza mimi, ikamuumiza zaidi mtu mwema kuliko mimi, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Ukoo wake na kijiji chake watasimulia wengine. Mimi nilimjua kwa mlango. Maître maana yake mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu hapa Kabondo, na siku za mazoezi, saa kumi ya jioni ikifika, alisukuma komeo la mlango wa ukumbi, akaturudia akisugua mikono, akaanza kutupa sauti. Aliyekuwa ndani alikuwa ndani. Aliyekuwa nje, hata kama mguu mmoja umeshagusa kizingiti, alibaki nje na mvua yake. Hakuna aliyemwita kwa jina, na kwake sisi pia hatukuwa na majina. Kulikuwa na Soprano, Ténor, Basse. Mimi nilikuwa Alto, na wenzangu wa mstari ule walikuwa Alto Murefu na Alto ya Dirisha.

Nilipoingia kwaya nilikuwa bado nasoma sekondari. Nilimfuata kwa heshima zote nikamwambia kwamba naona sauti yangu ni ya soprano. Hakuniangalia hata usoni.

"Weye ni alto. Imba alto."

Basi hilo ndilo likawa jibu lake kwangu maisha yote. Nikimwambia paa linavuja juu ya ngoma, niimbe alto. Nikimwambia kipaza sauti kimekufa, niimbe alto. Nilimaliza masomo, nikapata kazi ya kutunza kompyuta katika ofisi moja mjini, watu wazima wenye suti wakawa wananisubiri niwafungulie mashine zao, lakini kwa Maître nilibaki kuwa sauti ya pili ambayo haikuombwa maoni.

Na alijiona fundi! Katika mfuko wa koti lake, pale ambapo wanaume wengine huweka kalamu, yeye aliweka bisibisi. Ukimkaribisha nyumbani kunywa chai, macho yake yalikuwa yameshatua kwenye redio yako. "Hii iko nasema vibaya. Lete." Kabla hujakataa, redio ilikuwa wazi mezani, tumbo nje. Aliifunga tena, akabaki na skrubu mkononi, akazitia mfukoni bila aibu na kusema kwamba kiwandani waliweka nyingi mno. Redio ya mama yangu haikusema tena baada ya ziara yake. Mama alimshukuru, kwa sababu ni Maître, na kwa Maître watu walikuwa wanashukuru hata kwa hasara.

Nisimfanye shetani, maana hakuwa shetani, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Alto ya Dirisha alipojifungua kwa shida, Maître alikaa kwenye benchi la hospitali mchana kutwa, mikono magotini, na jioni alipoambiwa mama na mtoto wako salama aliinuka akaenda zake bila kungoja shukrani. Mwimbaji akiugua, alimfikia kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi na koti lake lote, sahani ya lituma, zile ndizi za kupondwa, imefunikwa kitambaa mapajani, moto bado. Aliingia, akaweka chakula, akamgombeza mgonjwa kwa kukosa mazoezi, akatoka. Kijana mmoja wa ténor alikuwa na kigugumizi kiasi kwamba dukani alinyoosha kidole tu. Maître alimfundisha kuimba anachotaka kununua. Kweli, yule kijana aliingia dukani akaimba sukari, akaimba chumvi, na leo anaongea vizuri.

Lakini haki yake! Aligawa kila kitu kwa uzi. Siku za sikukuu tulipoletewa kwanga, yaani mkate wa muhogo, na samaki, alitoa uzi mfukoni, akapima kwanga, akakunja uzi, akakata. Hakuna aliyepata unene wa ukucha zaidi ya mwenzake. Mama mjamzito alipata sawa na kijana mwembamba. Aliyekuwa hana njaa alipata sawa na aliyeshinda bila kula. Watu walipiga makofi: angalieni Maître, hana upendeleo. Mimi nilimwangalia yule mama mjamzito akilamba vidole na nikajisemea kwamba kuna ujinga unaovaa suti nzuri kabisa.

Aliyeulipia zaidi uzi ule alikuwa binti yake.

Alikuwa soprano, na hapa siongezi chumvi: alipofungua mdomo, hata wauza mafuta ya mawese nje ya ukuta walinyamaza. Kila mtu alijua kwamba solo ni zake. Baba yake akamweka mwisho wa mstari, nyuma ya watu warefu, na miaka ikapita akiwapa solo wasichana wengine, ili mtu asije akasema kwamba Maître anampendelea mtoto wake. Nyumbani nako alimkataza kufanya mazoezi. "Wimbo ya kanisa haiimbiwe jikoni," alisema. Basi binti alipika akivuma puani tu, midomo imefungwa.

Na jikoni ndiko alikokuwa mama yake. Mama Maître alikuwa Mwislamu wa kutoka Kasongo, kule Maniema, na alibaki Mwislamu. Maître hakumwomba abadili dini hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani ukifika, yeye ndiye aliyeamka kumwashia makaa ya daku. Na Mama kwa upande wake alitupikia waimbaji, alitufulia kanzu za kwaya, alizijua nyimbo zetu kwa majina yake. Kanisani tu hakuingia. Kwa hiyo mwanawe aliyekuwa akinyamazisha soko, yeye hakuwahi kumsikia akiimba wimbo mzima. Alimsikia akivuma.

Mwishowe, Pasaka moja, Maître akampa binti yake solo. Sijui ni nini kilimlainisha. Binti aliimba, na mimi niliyesimama nyuma yake nilishindwa kuingia kwenye alto yangu kwa wakati, nikatazamwa vibaya na Maître mbele ya waumini wote. Baada ya misa tulikimbia nyumbani kumwambia Mama. Alicheka, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Bon, miye nitasikia kwa coffre," alisema. "Haina mbio. Coffre iko hapa."

Coffre lilikuwa sanduku jeusi, kubwa kidogo kuliko mkate, ambalo mpwa wake Maître alilileta kutoka Kinshasa. Lilikaa sebuleni juu ya kabati, limeunganishwa na wifi ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na diski mbili zenye kila misa, kila kilio, kila mazoezi ambayo Maître aliwahi kurekodi. Ukiwa pale nyumbani, ulichagua wimbo kwa simu yako na kuusikiliza. Nyimbo nyingi Maître alizitunga mwenyewe, na hakuandika nota. Alitufundisha kwa masikio, na kumbukumbu yote ilikuwa ndani ya sanduku lile.

Ukiambiwa diski mbili, utadhani ya pili ni nakala ya kwanza. Inaweza kuwa hivyo, ukitaka. Fundi aliyekuja kuliwasha alimuuliza Maître vizuri, na mimi nilikuwepo: unataka diski zote zitunze kitu kilekile, moja ikifa nyingine ibaki? Au unataka ziungane ziwe kama diski moja kubwa, upate nafasi yote?

"Miye niko na disque mbili, unanipa nafasi ya moja?" Maître alimkodolea macho. "Hapana. Minataka yote."

"Maître," nikasema, "zikiungana, moja ikikosekana na ya pili haina faida."

"Alto."

Alisema hivyo tu, na fundi akaziunganisha.

Wiki chache baada ya Pasaka ile, Mama bado hajapata nafasi ya kusikiliza, binti alishikwa na homa. Haikumpa hata nafasi ya kulalamika. Tukamzika.

Jambo la makaburini sijawahi kumsimulia mtu kwa utulivu na leo pia sitaweza. Jeneza limeshikwa kwa kamba, wanaume wanatoa jasho, mama yake amesimama kwenye udongo mbichi, ameshikwa mikono na wanawake wawili. Sisi tunaimba, yaani tunajaribu, kwa sababu alto wote tunalia na sauti imeshuka. Maître akapiga mikono kutusimamisha.

"Arrêtez! Alto imeanguka. Recommencez."

Jeneza likangoja tuanze upya. Nakwambia, mtoto wake mwenyewe alining'inia pale kwenye kamba hadi alto tulipopanda mahali petu. Baadaye watu walisema lo, mwanaume gani huyu, hata siku hiyo hakulegea. Mimi nilisema mwanaume gani huyu, basi, na wakadhani nasifu.

Kwa desturi ya upande wa mume, nyumba iliyofiwa haipigi muziki mpaka siku ya kuondoa kilio. Redio huzimwa, simu hunyamazishwa. Mama hakuwa wa desturi hiyo kwa kuzaliwa, lakini aliishika kuliko wenye nayo. Kila nilipopita kumsalimia alikuwa ameketi sebuleni na nguo yake nyeusi, anachambua pondu, yaani majani ya muhogo, na coffre liko juu ya kabati, taa yake ya kijani inawaka.

"Mutoto yangu iko mule," aliniambia siku moja, akionyesha kwa kisu. "Kilio ikitoka, utanifungulia. Yote, tangu mwanzo."

Nikamwambia ndiyo, mama. Alikuwa anangoja siku ile kama wengine wanavyongoja mgeni. Hakuwa na kitu kingine anachongoja.

Wakati huohuo kwaya ilikuwa inapasuka, na kilichoipasua ni komeo la mlango. Karibu nusu yetu walikuwa wanakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Wao kufika Kabondo ni kungoja boti, na boti haiondoki mpaka ijae. Walifika wamelowa, wanahema, wakakuta mlango umefungwa, wakatusikiliza kwa nje tukiimba bila wao. Basse, mzee mpole ambaye sauti yake ilikuwa inatetemesha madirisha, alimwomba Maître asogeze saa kidogo tu. Maître alijibu kwamba saa ni ileile kwa kila mtu, na hiyo ndiyo haki. Siku moja ya mvua kubwa Basse aligonga, akagonga, kisha akageuka na wenzake wote wakaondoka naye, wakaanzisha kwaya yao Lubunga.

Likabaki swali la coffre. Nyimbo ni za nani? Wa Kabondo walisema coffre halivuki mto. Wa Lubunga walisema sauti zao zimo mule pia. Katikati ya maneno hayo umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu zote, na coffre likatoa harufu ya kuungua. Taa ya kijani ikafa.

Mimi nilikuwa Yangambi kikazi, kwenye kompyuta za kituo cha utafiti. Ningekuwapo ningemwambia mtu yeyote jambo rahisi: kilichoungua ni ubongo wa sanduku, diski zenyewe ni nzima, msiziguse, ningojeni. Lakini Maître alikuwa na bisibisi.

Nilichokuta niliporudi ni sifa. Kuanzia bandarini nilipokelewa na sifa. Maître alikuwa amewaita pande zote mbili kwenye uwanja wa parokia baada ya misa, amevaa koti lake, coffre juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Aliligeuza, akafungua skrubu moja moja watu wakimtazama, akatoa diski zote mbili. Akazipima viganjani, huku na huku, ili wote waone kwamba uzito ni sawa. Moja akampa rais wa kwaya ya Kabondo. Moja akampa Basse. Wanawake wakapiga vigelegele, watu waliokuwa hawasalimiani wakakumbatiana, na kila mmoja akaenda kwake akiamini amebeba nyimbo zote.

Walikuwa wamebeba takataka. Diski zikiungana namna alivyotaka yeye, sanduku haliweki wimbo huu hapa na ule pale. Hukata kila wimbo vipande: cha kwanza diski hii, cha pili diski ile, cha tatu hii tena, kama mtu anayegawa karata. Bila ya pili, ulivyonavyo ni vipande visivyosema kitu.

Nilikwenda kwake bado na vumbi la safari. Mama alikuwa sebuleni, na juu ya kabati palikuwa patupu.

"Maître, umempana mutoto yako, umemugawa," nikamwambia. "Nusu Kabondo, nusu Lubunga."

"Nilipana nyimbo. Kila upande sawasawa."

"Haiko sawasawa! Haiko kitu! Nilikwambia siku ile. Bila kukutanisha zote mbili, Mama hatasikia hata neno moja. Waombe wazirudishe, nitazitengeneza."

Alinyoosha mgongo. Nilimwona akielewa. Hilo ndilo lililonimaliza: alielewa kabisa, palepale, na uso wake ukafungwa kama ule mlango.

"Kitu miye nilishapana mbele ya batu, sipokonye. Batu watasema nini?"

"Na Mama atasema nini?"

Mama aliendelea kuchambua pondu, lakini majani mazuri alikuwa anayatupa na mabua anayaweka kwenye sufuria.

Kwa rais wa Kabondo nilikwenda mwenyewe, siku ileile. Alinipa diski kwa furaha, na akaniambia kwamba ilikuwa na tatizo dogo ila wamelitatua. Walipoichomeka kwenye kompyuta, kompyuta ilisema haiitambui diski, ikauliza kama iitayarishe upya. Wakakubali. Ikawa nyeupe, safi, wakaweka filamu. "Iko nacheza vizuri sana sasa," alisema. Nilikaa chini. Mtu mzima, nilikaa chini sakafuni mwa nyumba ya watu nikashika kichwa, na yule bwana akaniletea maji akidhani ni jua.

Haikuwa imekwisha yote. Kutayarisha upya namna ile hufuta orodha, hakufuti kila kilichomo. Kilichofutika kweli ni pale tu filamu zilipokalia. Kwa hiyo bado palikuwa na tumaini, ikiwa diski ya pili ingepatikana, na upesi. Siku ya kuondoa kilio ilikuwa imeshapangwa na jamaa wameshaarifiwa hadi Basoko.

Nikavuka kwenda Lubunga. Basse alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Diski yao walikuwa hata hawajaichomeka popote. Waliiweka kwenye sanduku la nguo za kwaya, imefungwa kwa kitambaa, na walikuwa wanaiombea.

"Alto, weye ni mutoto yetu," alisema. "Lakini hii disque haitoke. Maître alitufungia mulango miaka yote. Leo anaitaka? Bon. Avuke mwenyewe. Aje saa ya mazoezi, agonge, tutamufungulia. Hatutaki kitu ingine."

Nilimwona ana haki, na nilichoshwa na haki. Nilirudi nikamwambia Maître: ni kuvuka tu, ni kugonga tu. Hata kuomba radhi hawataki. Alikuwa anakaza skrubu za miwani yake, na hakuinua kichwa.

"Miye sigongi mulango ya wanafunzi wangu."

Nilimtukana. Siyo kwa maneno ya aibu, lakini nilimwambia kwamba amemweka mtoto nyuma ya watu warefu akiwa hai, akamwacha aning'inie kwenye kamba akiwa amekufa, na sasa anamfungia mlango akiwa sauti tu. Nilimwambia haki yake ni uoga wa midomo ya watu. Nilisema kwa nguvu hadi majirani wakatoka. Maître alisubiri nimalize, akasema: "Umepanda juu sana. Weye ni alto," na akarudi kwenye miwani yake.

Mama aliinuka. Alikuwa mlangoni mwa jikoni, sijui tangu lini. Akanawa mikono, akajitanda kitenge chake cheusi kichwani.

"Alto, twende. Boti iko naondoka saa ngapi?"

Maître akainua kichwa. "Mama, unaenda wapi?"

Mama alikuwa ameshatoka mlangoni. Katika miaka yote niliyowajua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimwacha Maître na swali mkononi.

Tulifika Lubunga mazoezi yameshaanza, ndani ya kanisa lao dogo la mbao. Mama alisimama mbele ya mlango. Ulikuwa wazi, maana wao walikuwa wameapa kutofunga mlango kamwe, lakini yeye aligonga hata hivyo, kwa kidole kimoja, kwenye ubao. Wimbo ukakatika. Nilijua kwamba mama huyu hajawahi kuingia kanisani, na wao pia walijua, wote, kwa sababu wote walikuwa wamekula chakula chake. Akavua ndala, akaziacha kizingitini, akaingia hadi mbele ya Basse.

"Siji kuomba disque," alisema. "Batu bote walimusikia. Nyinyi mulimusikia, batu ya soko walimusikia. Miye niko mama yake, sikumusikia. Minakuja kuomba sauti yake tu. Nikishasikia, nitawarudishia disque yenu."

Basse alimpa diski na kile kitambaa, na wanawake wa kwaya wakamsindikiza hadi ufukweni. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba maji ya mto niliyaona mekundu: mwanamke aliyefiwa ndiye aliyevuka, ndiye aliyegonga, na mwenye kosa amekaa Kabondo anakaza miwani.

Kazi yenyewe niliifanya ofisini, mchana, mlango nikiuacha wazi. Kwanza nilinakili diski zote mbili kama zilivyo, ili nisije nikaharibu kilichobaki, kisha nikafanyia kazi nakala. Unatafuta ipi ilikuwa ya kwanza, kila kipande kilikuwa kikubwa kiasi gani, unapanga, unasikiliza, unapata makelele, unapanga tena. Siku moja makelele yakageuka yakawa Basse anakohoa, na baada ya kikohozi kwaya nzima ikaingia. Nililia na kutukana kwa pamoja. Nyimbo nyingi zilirudi nzima. Misa ya Pasaka ilirudi, lakini katikati yake, kwenye solo, ndipo filamu zilipokuwa zimekalia. Vipande vya Lubunga vilikuwepo, vya Kabondo vimekwenda. Mahali palipopotea spika ingekwaruza masikio, kwa hiyo nikaweka kimya. Ikawa hivi: sekunde chache sauti, sekunde chache kimya, sauti, kimya, mpaka karibu na mwisho ambapo inatulia.

Siku ya kuondoa kilio Mama alioga, akavaa kitenge kipya cha rangi ya chungwa, akawaacha jamaa uani na vyakula vyao. Alitaka sebule, na watu wachache. Tulikuwa yeye, mimi, Basse aliyevuka alfajiri ili asichelewe, na Maître, ambaye aliingia bila kuitwa akasimama karibu na kabati tupu. Alikuwa amekonda. Sikumsalimia. Nilimweleza Mama kwamba katikati kuna mahali pamekatika, na kwamba sikuweza kufanya zaidi. Akasema sawa, fungua.

Kwaya ikaanza. Mkono wa Maître ukainuka wenyewe, ukaanza kupiga mizani hewani. Kisha binti akaingia, na Mama akaweka kiganja kifuani na kufumba macho. Sauti ilipanda, ikapanda, ikakatika. Kimya.

Maître akaimba. Hakufikiri, nadhani; mwalimu akisikia pengo analiziba. Kwa sauti yake ya kizee iliyopasuka akaimba maneno yaliyopotea, kwa mizani kamili, na alipofika mwisho wake binti akampokea palepale, kana kwamba walikuwa wamepatana. Halafu kimya kingine, na Maître akavuta pumzi aingie.

"Nyamaza, papa," Mama alisema. Hakufumbua macho. "Mutoto iko napumua."

Mdomo wa Maître ulibaki wazi. Niliona anataka kumweleza kwamba siyo pumzi, kwamba hapo pana mstari mzima, mzuri kuliko yote, na yeye ndiye aliyeutunga. Akamwangalia mkewe. Akafunga mdomo, na mkono ukashuka. Kimya kingine kikaja, na kingine, na katika kila kimoja Mama alivuta hewa pamoja na mwanawe, akangoja, akatabasamu sauti iliporudi. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote kumwambia Maître: sikiliza ulichofanya. Sikuhitaji. Sisi tulisikia kimya, lakini yeye peke yake ndani ya nyumba ile alijua kilichokuwa kinapita mule, neno kwa neno, na alikuwa amekatazwa kukiimba.

Wimbo ulipoisha, Mama alifumbua macho akaniambia nirudishe mwanzo. Maître alivuta kiti, akakaa, na tukasikiliza tena.